Miaka Thelathini na Moja ya Mzee Subiri na Skrini Zake Tano

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Subiri wa famasi ya hospitali yetu atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho na kustaafu, baada ya miaka thelathini na moja, miezi minne na siku sita za utumishi. Hizo siku sita amezihesabu mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika "takriban miaka thelathini na moja", naye akairudisha fomu kwa mkono wake mpaka hiyo takriban ikafutwa. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya karatasi hii ya sherehe kwa sababu ndimi mkuu wa kitengo, na pia kwa sababu, kama alivyonieleza katibu muhtasi wa mkurugenzi, wengine wote walioombwa walicheka wakaenda zao.

Jina lake halisi lipo kwenye barua ya ajira. Sisi tunamwita Mzee Subiri, kwa heshima ya neno ambalo programu yake imetuandikia mara nyingi kuliko watu walivyotuambia "habari za asubuhi". Wafanyakazi wapya huambiwa siku ya kwanza kwamba watalizoea. Si kweli, lakini ni vizuri mtu aanze kazi akiwa na matumaini.

Alianza stoo, akipanga maboksi ya dawa na kuandika kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Wanaokumbuka enzi hizo wanasema mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba madaktari waliuonea haya. Kisha hospitali ikaletewa kompyuta nne. Tatu zikaenda utawala, ambako zilitumika kuchapia barua za kuomba kompyuta nyingine. Ya nne ikaja famasi, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pakawekwa maua ya plastiki. Ilipendeza sana. Mzee Subiri, ambaye hakuwa mzee bado, ndiye aliyeondoa maua.

Hakuna aliyemtuma. Alikuwa na kitabu cha kujifunza kuandika programu, kisicho na jalada wala kurasa kumi na mbili za mwanzo, na kwa miaka miwili alikaa nacho kila saa ya chakula akichapa kwa vidole viwili. Matokeo yake ni programu tunayoitumia hadi leo. Ina skrini tano. Ya kwanza ni ya mgonjwa, ya pili ni ya cheti cha daktari, ya tatu ni ya aleji, ya nne ni ya dawa na kipimo chake, ya tano ni ya lebo inayobandikwa kwenye pakiti. Rangi yake ni ile ya kijani inayopakwa kwenye kuta za vyoo vya shule. Aliyemuuliza kwa nini aliichagua alijibiwa kwamba haichoshi macho, na kwa kweli mtu hachoki kuitazama, kwa kuwa hatamani kuitazama.

Utamu wa programu hii uko kwenye namna ya kutoka skrini moja kwenda nyingine. Watu wa kawaida, wakitaka kutoka sebuleni kwenda jikoni, huenda jikoni. Kwa Mzee Subiri utapita kila chumba. Kutoka ya kwanza unakwenda ya pili, kutoka ya pili unakwenda ya tatu, na hapo ya tatu unasimama sekunde nane nzima ukitazama neno "Subiri" kwa herufi nyekundu, huku swali likikuuliza kama umemwuliza mgonjwa kuhusu aleji. Ukijibu ndiyo, inauliza: "Una hakika?" Ukijibu ndiyo tena, inakufungulia ya nne, shingo upande. Kitufe cha kurudi nyuma kipo, na kinafanya kazi vizuri sana: kinakurudisha mwanzo kabisa. Dada wa dirisha namba mbili amewahi kuapa kwamba aliposhika mimba yake ya pili alikuwa skrini ya tatu, na alipofika ya nne mtoto alikuwa anatambaa. Ametia chumvi kidogo.

Na skrini ya kwanza nayo ina vituko vyake. Baada ya jina na umri, inauliza: "Nyumba iko karibu na nini?" Huwezi kuipita ukiiacha tupu. Tulijaza tulivyojisikia. Kumbukumbu za hospitali hii zina wagonjwa mia kadhaa wanaoishi karibu na "hapo", na mmoja anayeishi karibu na "shemeji yake". Mzee Subiri aliyapitia majibu hayo kila mwisho wa mwezi na kuturudishia orodha tukarekebishe, kana kwamba alikuwa na mpango wa kuwatembelea wote.

Mgonjwa namba moja kwenye mfumo wetu ni mkewe, mwalimu wa hesabu, ambaye mezani kwao ndipo programu ilipojaribiwa. Kwa majaribio aliugua, kwa mujibu wa kumbukumbu, magonjwa arobaini na moja katika wiki mbili, akapona yote. Kwenye skrini ya aleji alijaza mwenyewe neno "kelele". Hadi leo jalada lake likifunguliwa, hospitali nzima inaonywa asipewe kelele. Wanaomfahamu mumewe wanajua kwamba kwa upande huo alilindwa vya kutosha.

Mafanikio yake ni mengi, na haki ni haki, lazima yatajwe. Mifumo mitatu ya kisasa imeletwa kuchukua nafasi ya programu yake. Wa kwanza ulikuja na wataalamu sita na kofia za bure. Ulidumu siku tisa. Wa pili ulihitaji kompyuta ambazo hazikuwapo. Wa tatu ulifanya kazi vizuri kabisa mpaka mgonjwa wa kwanza alipofika. Kila mara Mzee Subiri alisubiri wataalamu waondoke, akachomeka waya zake, na ile kijani ikarudi. Hakusema lolote. Angesema lolote tungemvumilia zaidi.

Picha yenye fremu iliyotundikwa koridoni, ambayo wageni wengi huisifu, nayo ni kazi yake. Mkurugenzi alikuwa amewaleta wageni waheshimiwa kuona maendeleo yetu, akaamua kubofya mwenyewe, na akafika skrini ya tatu wakati mpiga picha ameshainua kamera. Sekunde nane ni nyingi mno kwa mtu anayetabasamu. Ukiitazama vizuri ile picha utaona meno yapo, lakini macho yameshakata tamaa.

Si ajabu basi kwamba tulimwandikia ombi. Mimi ndiye niliyeliandika, na mimi ndiye niliyezunguka na kalamu kukusanya saini kumi na nne. Tulitaka kitu kidogo tu: kitufe cha kuruka, kwa ajili ya wale wagonjwa wa kila mwezi ambao dawa zao hazibadiliki, ili mtu aende moja kwa moja kutoka kwenye cheti hadi kwenye lebo. Foleni ilikuwa inafika mpaka kwenye maegesho. Watu wazima walikuwa wanaketi juani wakishika vyeti kichwani kama kofia. Nilikwenda pia kumwuliza ana kwa ana kwa nini haiwezekani. Alinitazama, akasema, "Haiwezekani, mwanangu," akaendelea kuchapa kwa vile vidole viwili. Siku ya pili ombi letu lilirudi kwenye ubao wa matangazo likiwa na majibu chini yake: "Nimesoma. Hapana."

Mpaka hapa wasifu huu umefuata maelekezo niliyopewa, yaani uwe mchangamfu na usizidi kurasa mbili. Kinachofuata sikuelekezwa.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa nimetoka kwenye kozi ya wiki sita ya kuandika programu, na nilikuwa na cheti chenye muhuri wa dhahabu. Mtu mwenye muhuri wa dhahabu hawezi kuambiwa hapana na mtu anayechapa kwa vidole viwili. Jumanne moja, wote walipokwisha kuondoka, nilifungua programu ya Mzee Subiri, nikatafuta mahali vitufe vinapobadilisha skrini, nikaongeza mstari mmoja. Asubuhi ya Jumatano, skrini ya pili ilikuwa na kitufe kipya kilichoandikwa "Ruka". Niliwaambia wenzangu kwamba mzee amekubali hatimaye. Dada wa dirisha namba mbili alinipigia makofi.

Sikujua jambo moja, na nitalieleza taratibu kwa sababu nilichukua muda mrefu kulielewa. Skrini za programu ile hazifunguki na kufungwa. Zote tano huamka pamoja asubuhi na kukaa zimepangana kama sahani kabatini. Ukibonyeza kitufe, moja inaletwa juu na nyingine zinabaki chini, pamoja na kila kilichoandikwa humo. Lazima mahali fulani pawepo amri ya kufuta habari za mgonjwa aliyetangulia. Mzee Subiri aliiweka kwenye mlango wa skrini ya tatu, kwa kuwa pale kila mtu alilazimika kupita. Zile sekunde nane tulizozitukana zilikuwa za kufuta, kisha za kutusimamisha tumtazame mtu usoni tumwulize. Kitufe changu kiliruka ya tatu. Kwa hiyo skrini ya nne ilibaki na kipimo cha dawa cha mgonjwa wa kabla, na skrini ya tano ikachapa lebo yenye jina sahihi la huyu na kipimo cha yule. Jina likiwa sahihi, nani atashtuka?

Alishtuka yeye. Karibu saa sita alikwenda kubadilisha karatasi za printa, akasoma nakala zilizobaki, kwa sababu ni mtu wa kusoma hata vitu vinavyokwenda kutupwa. Aliona vipimo viwili vinavyofanana vikifuatana, halafu viwili vingine. Akageuka akatazama skrini iliyokuwa karibu, akaona kitufe. Hakuuliza ni nani. Aliuliza kimetumika mara ngapi. Mara saba. Wagonjwa sita walikuwa bado kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa. Dawa zao zilirudishwa na lebo zikachanwa. Wa saba, bibi mmoja mgonjwa wa moyo, alikuwa ameshachukua pakiti yake na kuondoka. Alitakiwa kumeza nusu kidonge asubuhi. Lebo yake ilimwambia ameze vidonge viwili kutwa mara tatu, baada ya chakula.

Hakuwa na simu. Skrini ya kwanza ilisema anaishi karibu na karakana ya seremala, nyuma ya mlango wa bluu. Mzee Subiri, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akitembea haraka hata mvua ikinyesha, alitoka mbio na koti lake jeupe na zile ndala anazovaa ofisini, akavuka maegesho, akapita getini bila kusaini daftari la mlinzi. Nilimfuata. Nilikuwa na nusu ya umri wake na sikumfikia. Nilipoingia kwenye ule mlango wa bluu, yeye alikuwa amepiga magoti mbele ya bibi, anahema, na kwenye kisosi kilichokuwa mezani palikuwa na vidonge viwili vyeupe vilivyokwisha kutolewa, vinasubiri chakula kiive.

Alivirudisha kwenye pakiti, akaomba kalamu, akaandika lebo upya kwa ule mwandiko wa stoo, herufi kubwa, ili bibi asome bila miwani. Bibi hakufurahi. Alisema wamemweka juani kwa saa tatu nzima kwa ajili ya dawa, sasa wanamfuata mpaka nyumbani kumwambia asinywe, na akataka kujua kama hospitali ina watu wazima. Mzee Subiri akamjibu kwamba wapo, wachache. Akamwomba radhi kwa niaba ya hospitali. Njiani kurudi alitangulia, nami nikamfuata nyuma.

Taarifa ya tukio aliiandika mwenyewe siku ileile. Kamati iliketi Ijumaa, na nilikuwamo chumbani, upande wa mashahidi. Waliuliza ni nani aliyeweka kile kitufe. Nilikuwa nimepanga kusimama. Nilikuwa nimeyapanga hata maneno. Mzee Subiri alitangulia kusimama, akasema, "Programu ni yangu. Skrini zote tano ni zangu. Kilichomo humo nakijibia mimi." Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Mimi niliangalia meza.

Alipewa barua ya onyo kali. Wakati ule nafasi ya mkuu wa kitengo ilikuwa wazi, na kila mtu alijua ni yake. Alikuwa ameikaimu mwaka mzima. Mwenye onyo kali hawezi kupandishwa cheo, kanuni ziko wazi. Miezi mitatu baadaye nafasi hiyo akapewa mfanyakazi mwingine, mwenye rekodi safi na cheti cha kozi chenye muhuri wa dhahabu. Ninaandika wasifu huu kwenye meza ya ofisi hiyo.

Kwa miaka tisa nimekuwa bosi wake. Nimemsainia likizo. Nimemkagua utendaji, nikampa "wastani" mara mbili kwa kuwa "hapokei mabadiliko kwa wepesi". Kwenye vikao nimemtania kuhusu sekunde zake nane, watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Nilijisemea kwamba labda hajui ni nani. Hilo ndilo lililonisaidia kulala.

Wiki iliyopita tulikaa siku tatu anikabidhi programu, mstari baada ya mstari, yeye kulia na mimi kushoto. Tulipokaribia sehemu inayobadilisha skrini, alisema anakwenda kutafuta chai, na akaniachia kiti. Niliendelea kusoma peke yangu. Mstari wangu ulikuwa bado upo. Alikuwa ameuwekea mwanzoni alama ya reli, ambayo huiambia kompyuta ipite bila kuusoma, na juu yake alikuwa ameandika maneno ambayo ni binadamu tu wa kuyasoma. Nayanakili yalivyo:

"Usifute. Mstari huu uliandikwa na mtu aliyewahurumia waliokuwa kwenye foleni. Kosa lake ni kutojua skrini ya tatu inafanya kazi gani. Kosa langu ni kutomweleza alipokuja kuniuliza."

Tarehe iliyoandikwa ni ya siku ileile ya bibi. Jina hakuna. Ni mtu mmoja tu katika hospitali hii aliyewahi kwenda kumwuliza.

Alirudi na vikombe viwili. Akauliza nimefika wapi. Nikamwambia namba ya mstari. Aliweka kikombe changu upande wa kushoto, akasema, "Basi tuendelee, mwanangu," na tukaendelea, yeye akieleza, mimi nikijifanya naona kilicho mbele yangu.

Jumatatu asubuhi nilipeleka barua kwa mkurugenzi. Nimeeleza niliyoyaeleza hapa, kwa maneno makavu zaidi. Nimeomba lile onyo kali litolewe kwenye jalada la Mzee Subiri kabla halijafungwa, na liwekwe kwenye langu. Nimeomba pia cheti chake cha utumishi kiandikwe upya, maana kilichochapwa kinamtaja kama "mhudumu wa famasi daraja la pili", na mtu hawezi kuondoka hapa na daraja la pili aliloachiwa na mimi. Mkurugenzi amesema suala hilo litafanyiwa kazi baada ya sherehe, kwa utulivu, bila kuharibu siku. Kwa hiyo nimelichapisha hapa. Nakala ni mia mbili na nimezigawa kwenye viti vyote mwenyewe. Kuhusu ofisi ninayokalia, funguo zake nimeziambatanisha na ile barua, waamue wanavyoona.

Mzee wangu, najua uko mstari wa mbele na unasoma haya sasa hivi, kwa kuwa wewe husoma kila kinachochapwa. Tafadhali usisimame kukanusha. Safari hii nimesimama mimi.

Programu yako itaendelea. Maelezo ya skrini ya tatu nimeyaandika kwa lugha nyepesi na kuyabandika kwenye kila dirisha, na mfanyakazi yeyote atakayeuliza kwa nini, atajibiwa na mtu aliyeketi naye chini mpaka aelewe.

Asante kwa miaka thelathini na moja, miezi minne na siku sita. Kitengo kizima kinakutakia wewe na mwalimu afya njema, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na miaka mingi ya kufanya mambo kwa mwendo mnaoutaka. Mimi, zaidi ya hayo yote, naomba unisamehe.